Ziara ya Mafunzo Kuhusu Maji Yanayoanguka

Hakuna kiumbe mgumu kumtembeza kama mkulima wa mfereji. Mpeleke baharini, atauliza hiyo chumvi hutolewaje. Mpeleke ziwani, atazunguka ukingo wote akitafuta mahali pa kutoboa. Sisi wa Rapsu, huku upande wa Kinna, kusini mwa Kaunti ya Isiolo, tumeishi kwa maji ya zamu mpaka tukawa watu wa zamu kwa kila jambo. Hata msibani utasikia mtu akinong'ona ni zamu ya nani kulia. Maji yetu hushuka kutoka milima ya Nyambene, tunayakamata kwa mfereji, tunayazungusha kwenye mahindi, vitunguu, nyanya na ndizi, na yanayobaki yanaenda zake Tana. Ndovu wa upande wa Hifadhi ya Meru nao huja usiku kutusaidia kuvuna. Sasa mtu wa maisha kama hayo umweleze kwamba kuna mahali watu hulipa kiingilio wakasimama kutazama maji yakianguka, maji yasiyoenda shambani kwa yeyote kati yao, atakuuliza jambo moja tu: nani kasahau kufunga mlango wa mfereji?

Hata hivyo tulikwenda. Chanzo kilikuwa vitunguu. Msimu ule bei ilisimama vizuri, na akiba ya kikundi chetu cha watumiaji maji ikafika kile kiasi ambacho huwakosesha watu usingizi. Wa kwanza kusimama mkutanoni alitaka tugawane. Wa pili alitaka tununue saruji tukarabati mfereji, na huyo mkutano mzima ulimtazama kama mchawi. Ndipo mwalimu wetu kijana, aliyesomea upande wa Laikipia, akasema twende tukaone maporomoko ya Nyahururu, yale ambayo mji wenyewe uliitwa kwa jina lake la Kizungu, Thomson's Falls, kabla ya kuitwa Nyahururu.

"Mita 74," alisema, "kutoka juu mpaka chini, bila kugusa kitu njiani."

"Bila kugusa kitu," alirudia Haji, kwa sauti ya mtu aliyesikia habari za wizi.

Haji ndiye mzee wa mfereji. Aliwahi kuwa mwangalizi wa maji kwa miaka mingi. Ndevu zake zina hina, meno yake ya juu ni ya kununua, na akiweka sikio kwenye ukingo wa mfereji gizani hukwambia nani anaiba maji na kwa jembe la aina gani. Aliuliza kwa nini twende mbali hivyo ilhali kuna maporomoko ya Adamson kule mtoni Tana, ambako hata mbuzi aliyepotea anaweza kufika. Mwalimu akakiri yapo, na yana jina kubwa: George Adamson, aliyekuwa bwana nyama wa Isiolo enzi za ukoloni, yeye na mkewe Joy ndio waliomlea simba Elsa na kumrudisha porini Meru. Lakini kule, akasema, maji hayaanguki hasa. Yanapita kwa fujo kati ya mawe, na kuna mamba. Mweka hazina wetu, mama mwenye mwili na msimamo, akaongeza sababu iliyofunga mjadala: mtu hawezi kulipwa posho ya kwenda mahali anakoweza kurudi kulala nyumbani.

Katiba ya kikundi hairuhusu matembezi. Inaruhusu mafunzo. Mimi ndiye katibu, cheo ninachoshikilia kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka kununua kalamu, kwa hiyo kumbukumbu zikasomeka kwamba wanachama wataenda Nyahururu kwa "ziara ya mafunzo kuhusu usimamizi wa maji yanayoanguka". Sikujua kwamba Haji angeyachukua maneno hayo kama yalivyoandikwa.

Tuliondoka Agosti, mwezi ambao kwetu ni vumbi tupu na Nyahururu ni mvua. Matatu ya kukodi ilifika Rapsu kabla ya alfajiri, ikapakia watu, sufuria ya pilau iliyofungwa kwa leso, madebe mawili ya maji (mkulima wa mfereji haendi kuona maji bila kubeba maji), na kiti cha plastiki cha mweka hazina, maana aliambiwa huko watu husimama. Dereva alikuwa kijana mwema mwenye kasoro moja: kila alipoambiwa apunguze mwendo alipandisha sauti ya redio ili asisikie. Mjini Maua alisimama "dakika mbili" kununua miraa yake ya kangeta. Tulimaliza kusali, tukanywa chai, tukaanza kumtafuta.

Tulipokwisha kuupita mji wa Meru, Haji alitangaza kuwa sasa tumeingia Kenya. Vijana wakacheka, lakini yeye hakuwa akichekesha. Watu wa kaskazini bado husema hivyo wakisafiri kuelekea Nanyuki na Nairobi: nashuka Kenya, nimerudi kutoka Kenya. Haji alizaliwa wakati wilaya za kaskazini zilikuwa zimefungwa kwa sheria za wakoloni, hakuna kuingia wala kutoka bila pasi, na hata baada ya uhuru vizuizi vya barabarani vilimfundisha kwamba mtu bila karatasi ni mzigo tu. Kwa hiyo husafiri na kitambulisho chake ndani ya plastiki, kimening'inia kifuani. Alimwonyesha askari wa barabarani, ambaye hakukiomba. Alimwonyesha mhudumu wa kituo cha mafuta. Huko Nanyuki alimwonyesha kijana wa kulipisha choo, akasimama wima akingoja kisomwe. Yule kijana, kwa adabu kubwa, akakisoma chote, akamrudishia na kumwambia, "Karibu, mzee." Haji alisema baadaye hiyo ndiyo ofisi ya serikali iliyomhudumia vizuri kuliko zote.

Nje kidogo ya Nanyuki, pale penye bango la ikweta, kuna wanaume wenye beseni, jagi na kijiti cha kiberiti. Wanakuonyesha sayansi. Anakupeleka hatua kadhaa upande wa kaskazini, anamimina maji kwenye chombo chenye tundu, anaweka kijiti, na unakiona kinazunguka kuelekea upande mmoja. Anakuvusha kusini, kijiti kinazunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe, kijiti hakiendi popote. Kisha unalipa, na ukitaka unauziwa cheti.

Watalii wawili walikuwa wamesimama midomo wazi. Sisi tukajiunga. Haji akachuchumaa mpaka ndevu zikakaribia kuingia kwenye beseni. Akatazama kaskazini, akatazama kusini, akaomba arudiwe. Mara ya pili hakutazama kijiti, alitazama mikono.

"Kijana," akasema, "ukienda upande ule unageuka kwa bega la kulia. Ukija huku unageuka kwa bega la kushoto. Maji yanakufuata wewe."

"Mzee wangu, hii ni nguvu ya dunia."

"Dunia ina kazi nyingi. Nipe hilo jagi."

Mwalimu wetu alijaribu kuokoa hadhi ya elimu. Alieleza kwamba mzunguko wa dunia kweli hupinda pepo na dhoruba kubwa za baharini, kaskazini huku na kusini kule, lakini ndani ya beseni nguvu hiyo ni ndogo mno. Maji yatafuata jinsi yalivyomiminwa. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Haji alikuwa tayari amesimama upande wa kaskazini akizungusha kijiti kwa mzunguko wa kusini. Akavuka, akakifanya kizunguke kwa mzunguko wa kaskazini. Akasimama juu ya mstari wenyewe, mahali ambapo hakupaswi kuzunguka kitu, akakizungusha kama feni. Watalii wakapiga makofi na kumpa mia mbili. Yule mwenye beseni akatuangalia kwa uso wa mtu anayehesabu hasara, na nadhani tungepigwa, kama Haji hangempa zile mia mbili na kumwuliza jambo lililokuwa likimkera tangu mwanzo: haya maji unayamwaga wapi ukimaliza?

"Hapo tu, mzee."

Hapo tu palikuwa kwenye changarawe. Tukakaa robo saa Haji akimsimamia achimbe kijifereji kwa kisigino kutoka penye beseni mpaka kwenye mche wa mti uliokuwa ukinyauka kando ya bango. Nikaandika kwenye daftari: *Funzo la kwanza, Nanyuki, limetolewa na sisi.*

Njia ya kuzunguka kwa Nyeri hadi Mweiga inapita chini ya milima ya Aberdare, na hapo ndipo mwalimu alipofanya kosa la kusema ukweli. Alisema ndani ya mbuga ile kuna maporomoko ya Karuru, mita 273 kwa ngazi tatu, marefu kuliko yote nchini. Matatu ikanyamaza.

"Kwa hiyo," akasema mweka hazina, "tunapita mita 273 tukakimbilie 74?"

Mwalimu akaeleza habari za kiingilio cha mbuga, barabara ya matope na gari linalofaa. Mama akatoa kikokotoo kwenye simu, akagawa shilingi kwa mita, na tangu hapo ziara nzima ikawa inapimwa kwa kipimo hicho. Alikubali mwishowe kwamba Nyahururu ni bei nafuu kwa kila mita, ila kwa sharti kwamba tutayaangalia yote, mpaka chini.

Nyahururu iko mita 2,360 hivi juu ya usawa wa bahari. Nambari hii mtu wa Rapsu huisoma kwa macho tu, hajui kwamba itamwingia kwenye mifupa. Mlango wa matatu ulipofunguliwa, upepo uliotupokea ulikuwa umetoka mahali ambapo jua halina mjumbe. Sisi wanaume tulikuwa na vikoi na mashati mepesi, wengine akala miguuni. Akina mama walikuwa na madera, nguo iliyobuniwa kupitisha hewa. Ilipitisha. Tulipiga mbio hadi kwenye mitumba, na huko mfanyabiashara mmoja aliyekwisha kukata tamaa na mzigo wake aliuza siku hiyo kila kitu. Mimi nilipata sweta ya shule ya watu nisiowajua. Mweka hazina alipata blanketi lenye mikono. Haji, kwa kuwa makoti ya wanaume yalikwisha, alipata koti jekundu la kike, refu, lenye manyoya meupe shingoni. Na ndevu zake za hina. Na kofia. Na kitambulisho kifuani. Watoto wa shule waliokuwa pale stendi walisimama kimya wakamtazama mpaka tukaondoka.

Langoni walitulipisha kama wakazi baada ya Haji kuonyesha kitambulisho, safari hii kwa mafanikio ya kweli. Tukapita vibanda vya vinyago, tukawapita wanawake wenye vinyonga kwenye matawi wanaotaka upigwe nao picha (akina mama wetu waliwapita kwa mwendo ambao sijawahi kuuona shambani), tukafika kwenye uzio.

Nitasema tu: ni marefu. Mto unakuja taratibu katikati ya majani, mto wa kawaida, ungeweza kuwa wetu, halafu ardhi inakwisha. Maji yanaachia. Yanatawanyika kuwa meupe, yanapotea kwenye ukungu wa korongo, na mlio wake unausikia kifuani kabla ya masikioni. Chini msitu ni kijani kizito kinachong'aa kwa unyevu. Nikawaangalia wenzangu nione uzuri umewafanya nini.

Mmoja alikuwa akihesabu ekari. Mwingine alisema mabomba ya inchi 6 hayatoshi. Mama mmoja alikuwa akitikisa kichwa na kusema "astaghfirullah" kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona mchele ukimwagwa. Haji alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili.

"Zamu ya nani hii?" akauliza.

Kijana wa kuongoza wageni, aliyekuwa amejiunga nasi bila kuitwa na akakataa kuondoka, akasema hapa hakuna zamu, guka, yanatiririka tu, mchana na usiku.

"Na usiku!"

Hapo mwalimu akaona nafasi ya kutoa mafunzo tuliyoyafuata. Mto huu, akasema, ni Ewaso Narok. Unatoka milima hii ya Aberdare tuliyoipita, ukitoka hapa unaenda Rumuruti, unaingia Ewaso Nyiro, unapita Archers Post, halafu unaingia kwetu Isiolo. Nyuso zikang'aa. Unapita Shaba, akaendelea, unapita maporomoko ya Chanler, unashuka Merti, na mwaka wa mvua njema unafika kinamasi cha Lorian.

"Kwetu Rapsu je?"

"Rapsu haufiki. Sisi maji yetu ni ya upande wa Tana."

Mweka hazina akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. "Yaani tumekodi gari," akasema polepole, "tukanunua mablanketi, tukaja kuangalia maji ya watu wa Merti."

Haji ana shemeji Merti. Wana kesi ya mtamba ambayo ni ndefu kuliko mto wenyewe, na kwa kawaida hawapigiani simu. Lakini hapa alitoa simu yake ya kabambe, akabonyeza, akapaza sauti kuyashinda maporomoko.

"Shemeji! Nimesimama juu ya maji yenu!"

Sisi sote tulisikia jibu, kwa sababu kabambe ya Haji haina siri. "Yaachilie! Huku mto ni mchanga mtupu!"

"Yanaanguka, nayaona!"

"Basi nani amefunga huko katikati? Angalia vizuri, Haji! Fuata ukingo!"

Na mkitaka kujua, shemeji hakuwa mbali na ukweli. Kati ya Nyahururu na Merti kuna mashamba, kuna vinamasi, kuna pampu za petroli zisizo na idadi zinazokunywa kila zikiona ukingo, na mwaka wa ukame mto ule hukauka kabla haujamfikia aliye chini kabisa. Haji hakuhitaji kuelezwa. Jambo hilo analijua kwa kipimo cha mita mia nane, tangu mlango wa kwanza mpaka wa mwisho wa mfereji wetu. Alimwahidi shemeji kwamba ataandika barua. Walipoagana, mtamba hakutajwa, jambo ambalo familia zote mbili bado zinalizungumzia.

Yule kijana wa kuongoza wageni alikuwa na hotuba yake na asingeondoka kabla ya kuitoa. Akatueleza habari za Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1883 akitokea Mombasa kwa miguu, na kwamba inasemekana maporomoko aliyapa jina la baba yake. Swala tomi naye ni wa jina la Thomson huyo huyo. Haji akasema ameliona jambo moja kwa uzoefu wake: Adamson kule Tana, Chanler kule Ewaso Nyiro, Thomson hapa, kila maji yakianguka nchi hii, kuna Mzungu alikuwa amesimama karibu. Kijana akacheka, akaendelea kwamba Thomson alipofika kwa Wamaasai aliwatisha kwa miujiza: alikuwa na chumvi ya matunda inayotoka povu ikitiwa majini, na alikuwa akichomoa meno yake ya bandia mbele yao na kuyarudisha mdomoni, wakamwona mganga mkubwa.

"Hiyo tu?" akasema Haji, na akachomoa yake. Safu nzima ya juu.

Kundi la watoto wa shule lilikuwa nyuma yetu. Sijui niuite ule mlio ni wa hofu au wa furaha, lakini ulifunika maporomoko. Mzee wa koti jekundu na manyoya, ndevu za moto, meno mkononi! Wakamzingira. Arudishe. Atoe tena. Mwalimu wao akaomba picha ya darasa zima. Mzazi mmoja akampa hamsini, na mwingine akadhani ndiyo bei. Kando ya pale palikuwa na wazee wa kucheza ngoma kwa wageni, wamevaa ngozi na manyoya yao kwa heshima, na kwa muda hawakuwa na mteja hata mmoja. Kiongozi wao alikuja kutuuliza kwa upole kama mzee wetu amesajiliwa. Haji akamwonyesha kitambulisho.

Waliketi pamoja mwishowe wakagawana chai. Ilikuwa ni kugawana maji kwa zamu, Haji alieleza: yeye picha moja, wao picha moja.

Wakati huo mweka hazina alikuwa amekumbuka sharti lake. Ametozwa mita 74, ameona za juu tu. Ngazi za kushuka korongoni ni mawe na udongo, mwinamo mkali, na mvua ya asubuhi ilikuwa imezipaka mafuta. Tulimsihi. Akasema yeye amebeba gunia la vitunguu kupita mahali pabaya kuliko hapa, akamkabidhi dereva kiti chake, akaanza kushuka na blanketi lake lenye mikono, sisi nyuma.

Kushuka hakukuwa shida kwa sababu hatukushuka, tulifika. Akala zikiloa hazina uaminifu. Mtu wa kwanza aliteleza, akamshika wa pili, wa pili akaona si vizuri kuanguka peke yake, na hivyo tukasafiri kipande kizuri cha njia tukiwa tumekaa, mpaka mzizi mmoja mkarimu ukatupokea. Mweka hazina peke yake hakuanguka. Alipita katikati yetu akisema "pole, pole, pole," kwa kila mmoja, kama anayegawa posho.

Chini huwezi kusikia jina lako. Upepo wa maji yenyewe unakusukuma, na ule ukungu uliokuwa mzuri kutoka juu kumbe ni mvua inayonyesha kwa ubavu. Mwalimu alitaka video. Akarudi nyuma hatua moja ili maporomoko yote yaingie, akarudi ya pili, na simu, iliyokuwa ndiyo kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote alivyonavyo pamoja na cheti chake cha ualimu, ikaruka kutoka mkononi kama kambale, ikatua kwenye kidimbwi. Tuliipata haraka. Ilikuwa inawaka bado, inaonyesha uso wake mwenyewe, ndani ya maji.

Kupanda sitakueleza sana. Mweka hazina alipumzika kwenye kila jiwe lenye umbo la kiti, na alipofika nusu akatutangazia kwamba sasa ameelewa kwa nini maji hayapandi. Wageni waliotupita walituuliza tumetoka nchi gani.

Juu, mwalimu akakimbilia chooni kubadili shati, akamwachia Haji simu. Dereva, kwa nia njema kabisa, akasema simu iliyoingia maji dawa yake ni mchele: unaifukia kwenye mchele, mchele unanyonya maji yote. Haji akauliza ana hakika. Dereva akasema ana hakika, shangazi yake aliiponya yake hivyo. Sasa, kwenye matatu yetu mchele ulikuwapo. Haji alifungua leso, akafungua sufuria, akachimba kwa mkono safi uliotawadha, akaizika simu katikati ya pilau, akafunika, akafunga leso vizuri joto lisitoke.

Mwalimu aliporudi na kuuliza simu iko wapi, Haji alimwambia asubiri, inakauka.

Tuliila ile pilau. Mtu akiwa ametoka chini ya korongo na baridi ile haulizi pilau imepitia nini. Tulikula kwa uangalifu kuelekea katikati, kama wachimba dhahabu, hadi mkono wa mwanachama mmoja ukagusa kioo. Jambo la kushangaza, na dereva hataacha kulisema mpaka afe, ni kwamba simu ile iliwaka wiki iliyofuata. Inafanya kazi hadi leo. Ila spika ina punje, na mwalimu anasema kila akiiweka sikioni anasikia harufu ya Idi.

Mkutano wa kupokea ripoti ulifanyika Rapsu chini ya mwembe. Nilisoma mafunzo niliyoyaandika. Wanachama ambao hawakwenda waliuliza maswali makali kuliko tuliokwenda: kwa nini mitumba imeandikwa "vifaa vya mafunzo", na kwa nini mapato ya picha za Haji hayaonekani vitabuni. Haji akasimama akasema mapato yale yalitumwa Merti kwa shemeji, dizeli ya kuvutia maji kisimani, na akaketi. Mweka hazina aliandika "msaada wa kiufundi".

Kwenye mengineyo, mwanachama mmoja alisema kwamba kwa kuwa tumeona kila maji yanayoanguka yana jina la mtu aliyesimama karibu, na kwa kuwa pale mlango wa tatu maji yetu hutoka kwenye saruji yakaangukia mtaro wa udongo, na kwa kuwa hakuna mtu aliyesimama karibu na mlango ule kwa miaka mingi kuliko Haji, anapendekeza pale paitwe Maporomoko ya Haji. Pendekezo likaungwa mkono na kupita. Mwalimu akatumwa na rula ya darasani akapime urefu uingie kwenye kumbukumbu. Akarudi na matope magotini: sentimita 38.

Haji alipinga. Alisema kipimo kimechukuliwa siku ya zamu ya upande wa juu, maji yakiwa haba, tena mtaro ulikuwa haujazolewa tope tangu mvua. Mkutano ukakubali hoja. Kipimo kitarudiwa Alhamisi, zamu yetu, na kila mwanachama aje na jembe.